Miaka Mitatu ya Sarah Boardman

Mwanzoni mwa Februari 1831, katika bonde moja la milima ya Tavoy, kusini mwa Burma, wanaume wa Kikaren walimbeba mgonjwa hadi ukingoni mwa mto wakaiweka machela yake chini. Mgonjwa alikuwa George Dana Boardman, mmisionari Mbaptisti kutoka Marekani, ambaye siku hizo hizo alikuwa akitimiza miaka 30. Kifua kikuu kilikuwa kimemla akabaki mifupa. Jua lilipokuwa likizama nyuma ya milima, aliwatazama watu wakishuka majini kubatizwa na mmisionari mwenzake, Francis Mason, aliyekuwa amewasili Tavoy majuma machache tu yaliyotangulia. Katika ziara ile walibatizwa watu 34. Tarehe 11 Februari, wakiwa njiani kurudi mjini, Boardman akakata roho. Aliyekuwa kando ya machela muda wote ule ni mkewe, Sarah, mwanamke wa miaka 27.

Wanaosimulia historia ya misheni hulipenda sana tukio hili, na wana haki ya kulipenda. Lakini wakishamzika George, wengi wao huruka. Ukurasa unaofuata huwa ni wa Aprili 1834, Sarah anapoolewa na Adoniram Judson, mfasiri wa Biblia ya Kiburma. Tangu hapo hutajwa kama mke wa pili wa mtu mashuhuri, aliyebanwa katikati ya Ann Hasseltine, aliyezunguka malango ya gereza akimtetea mumewe wakati wa vita, na Emily Chubbuck, mwandishi aliyekuja baada yake. Kati ya kaburi la mume wa kwanza na ndoa ya pili ipo miaka mitatu na miezi miwili. Naamini anayetaka kumjua Sarah amtafute humo. Miaka ile hakuna aliyeweza kudhani kwamba yuko Burma kwa sababu ameandamana na mumewe.

Alizaliwa Sarah Hall, tarehe 4 Novemba 1803, katika kijiji cha Alstead, New Hampshire, kifungua mimba katika nyumba iliyokuja kuwa na watoto 13. Familia ilihamia Massachusetts na hatimaye ikatulia Salem. Wazazi hawakuwa na uwezo mkubwa, na binti wa kwanza katika nyumba ya watoto 13 huwa mlezi kabla hajawa mwanafunzi. Shule aliipata kwa vipande vipande, ikikatizwa na kazi za nyumbani, naye akajisomea mwenyewe kila alipopata nafasi. Mashairi alianza kuyaandika akiwa bado mdogo. Mwaka 1820 alibatizwa katika kanisa la kwanza la Baptisti la Salem, lililokuwa likichungwa na Lucius Bolles.

Salem ulikuwa mji wa bandari wenye biashara na Asia, na ni kutoka bandari ile ile Judson na Ann waliondoka mwaka 1812. Walikuwa wametumwa na kanisa jingine. Huko waendako walibadili msimamo wao kuhusu ubatizo, na Wabaptisti wa Marekani wakajikuta wana wamisionari kabla ya kuwa na chama cha kuwatuma. Chama kiliundwa mwaka 1814. Kwa msichana Mbaptisti wa Salem, basi, Burma haikuwa mbali sana. Ilisikika katika barua zilizosomwa mbele ya kanisa na katika majina yaliyotajwa kwenye maombi. Mwaka 1822 kijana mmoja wa misheni ile, James Colman, alikufa kwa homa huko Cox's Bazar. Sarah akaandika shairi la kumwomboleza, likachapishwa, na George Boardman akalisoma. Naye alikuwa amekwisha kuguswa na kifo kile kile na kutaka kwenda kujaza pengo lile. Ndivyo walivyojuana, kwa msiba wa mtu mwingine. Julai 1825 wakafunga ndoa, na mwezi huo huo wakapanda merikebu.

Walipofika Calcutta mwezi Desemba, Burma ilikuwa vitani na Waingereza. Mkataba wa Yandabo wa Februari 1826 uliimega pwani ya Burma, na nchi ya Tenasserim, ulimo mji wa Tavoy, ikaangukia mikononi mwa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Jambo hili lisipitwe haraka. Nyumba ambazo Sarah angeishi, shule ambazo angefungua na njia ambazo angepita, vyote vilikuwa chini ya bendera iliyopandishwa kwa mizinga. Hakuichagua bendera ile, lakini aliishi kivulini mwake, na kazi yake haiwezi kuelezwa kwa uaminifu bila kulisema hilo.

Mwaka 1827 waliwekwa Moulmein, katika nyumba ya mianzi nje kidogo ya mji, wakiwa na binti yao mchanga aliyezaliwa India. Ng'ambo ya mto ilikuwa bado nchi ya mfalme wa Burma, na wezi walivuka usiku. Asubuhi moja waliamka wakakuta masanduku yamevunjwa na karibu kila chenye thamani kimechukuliwa. Kisha wakaona chandarua chao kimechanwa mahali pawili, kichwani na miguuni. Yaani wakati wenzao wakikusanya mali, wezi walikuwa wamesimama pale na silaha mkononi, wakimwangalia mama, baba na mtoto usingizini, tayari kumaliza kazi kama mmoja wao angefumbua macho. Waliendelea kulala katika nyumba ile ile.

Aprili 1828 walihamia Tavoy. Walifuatana na mtu ambaye bila yeye habari hii isingekuwapo. Ko Tha Byu alikuwa Mkaren, mtu wa makamo, mwenye hasira kali na historia ya ujambazi na mauaji, aliyekuwa mtumwa kwa sababu ya deni hadi Wakristo walipomlipia. Alibatizwa Tavoy tarehe 16 Mei mwaka huo, kisha akaingia milimani kwa watu wake na hakunyamaza tena mpaka alipokufa. Wakaren walikuwa watu wa milimani waliodharauliwa na kukamuliwa na watawala wa Kiburma. Lugha yao ilikuwa haijaandikwa. Masimulizi ya wazee wao yalisema kwamba zamani walikuwa na kitabu cha Mungu wakakipoteza, na kwamba siku moja kitarudishwa. Kwa hiyo waliteremka kumwona mgeni wa Tavoy, wakiwa na kitabu ambacho kijiji kimoja kilikiheshimu kwa miaka, kimefungwa kwa vitambaa ndani ya kikapu. Boardman alikifungua akakuta ni kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza pamoja na Zaburi. Kilikuwa kimengojewa na watu wasioweza kukisoma. Tukiona leo Wakaren wengi ni Wabaptisti, tukumbuke kwamba wao ndio walioanza kutembea. Wageni hawakuwa wamewafuata milimani bado; wao walishuka na swali lao tayari.

Kisha misiba ikafuatana. Agosti 1828 Sarah alijifungua mtoto wa kiume, George. Julai 1829 yule binti wa kwanza akafa, hajatimiza miaka mitatu. Mwezi mmoja baadaye, Agosti, Tavoy iliasi utawala wa Kiingereza. Sarah alikimbia na mtoto katikati ya ghasia hizo hadi kwenye jengo la mbao bandarini, mahali palipohifadhiwa baruti, na huko familia chache na askari wachache walijibana kwa siku kadhaa, risasi zikilia, mpaka afisa wa Kiingereza Henry Burney aliporudi kwa meli ya mvuke. Waliporudi nyumbani walikuta vitabu vimeraruliwa na vyombo vimesambaratishwa. Mwaka 1830 ukamchukua mtoto wa tatu, akiwa bado mchanga. Wakati wote huo George alikuwa akikohoa damu. Kwa hiyo Februari 1831 haikumkuta Sarah akiwa mgeni wa msiba. Ilimkuta amebaki na mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu, na kaburi la mume karibu na la binti.

Yeyote aliyewahi kukaa matangani anajua kwamba maswali huanza kabla mikeka haijakunjwa. Ataishi wapi? Nani atawasomesha watoto? Ukoo wa mume utasemaje? Mara nyingi majibu hupatikana kwenye kikao ambacho mjane mwenyewe hakukaa. Swali la Sarah lilikuwa jepesi kwa kila mtu isipokuwa kwake. Mjane mmisionari alirudi kwao. Alikuwa na wazazi hai, kanisa lililomlea, na mtoto aliyekuwa mdhaifu katika hali ya hewa ile. Hakuna ambaye angemlaumu. Katika barua zake alikiri kwamba wazo lake la kwanza, akiwa kaburini, lilikuwa hilo hilo: kwamba sasa lazima amchukue George waende nyumbani. Kisha akawafikiria Wakaren waliokuwa wakija kuuliza, na watoto wa shule, na Waburma waliokwisha kubatizwa, akaona kwamba akiondoka watabaki bila wa kuwafundisha. Mason na mkewe walikuwa ndio kwanza wamefika na lugha bado hawajui. Sarah alikuwa anakijua Kiburma. Akabaki.

Uamuzi huu nimeusoma mara nyingi ukisifiwa kama utii wa mke mwema kwa ndoto ya mumewe. Sifa hiyo inampunja. Katika sababu alizozitoa, kumbukumbu ya marehemu haikuwa ya kwanza. Alitaja watu waliokuwapo na kazi aliyokuwa anaiweza. Aliangalia mikono yake akaona ina ujuzi ambao mahali pale hapakuwa na mwingine aliyekuwa nao kwa kiasi kile, na akaona kwamba ujuzi huo ni dai juu yake. Huyo ni mtu anayepima wito wake mwenyewe.

Yaliyofuata yalikuwa ya kila siku na yenye jasho. Asubuhi aliitoa kwa shule: ya bweni ya wavulana, na za kutwa za wasichana na watoto wa mjini. Aliandaa masomo na kuwasimamia walimu wenyeji. Akina mama wa Kiburma alikutana nao kwa ajili ya Biblia na maombi, na jioni kulikuwa na ibada. Wakati wa masika, njia za milimani zisipopitika, Wakaren waliteremka mjini kwa makundi, na nyumba ya mjane ikawa mahali pa kulala, pa kula na pa kuulizia. Shule zake zilijulikana kiasi kwamba watawala wa Kiingereza walipotaka kufungua shule katika nchi ile, walitaka zifuate mfano wa Tavoy na wakatoa fedha. Fedha zile zilikuja na sharti: dini isifundishwe. Sarah alimwandikia mkuu wa serikali akaeleza, kwa adabu kamili, kwamba hawezi kuziendesha shule kwa sharti hilo na yuko tayari kuzikosa fedha. Akaruhusiwa kuendelea kwa mtindo wake. Mtu anaweza kulitazama hilo kwa macho mawili. Ni kweli kwamba fedha zilikuwa za dola iliyotwaa nchi kwa nguvu. Ni kweli pia kwamba mwanamke asiye na mume, asiye na cheo na asiye na mahali pengine pa kuegemea, aliweza kumwambia mkuu wa dola ile: kwa sharti hili, hapana.

Kiangazi kilipoingia alipanda milima mwenyewe. Alikwenda kwa miguu akivuka vijito na kupita makorongo, huku wanaume wa Kikaren wakimbeba George mdogo mgongoni. Vijijini alikuta mabanda ya ibada yaliyojengwa na wenyeji kwa mianzi yao wenyewe. Humo, kwa kuwa hapakuwa na mmisionari mwanamume wa kuongoza, aliongoza yeye. Alisoma na kueleza kwa Kiburma, na mkalimani akageuza kwa Kikaren, mbele ya watu waliofika mia mbili hadi mia tatu. Kanisa lake la Salem lisingemsimamisha kuhutubu mbele ya umati wa namna hiyo. Wala hakuwa na mamlaka ya kubatiza au kugawa meza ya Bwana, na hakuyadai. Pale ambapo Mason aliweza kwenda, Sarah alirudi nyuma. Lakini mambo aliyoyafanya msituni yalifanyika, yakasikiwa, na watu wakayashika.

Nisingependa kumfanya Sarah peke yake kuwa nguzo ya kazi ile. Ko Tha Byu alitangulia kila alikokwenda Sarah, na watu waliomsikiliza walikuwa wamekwisha kusikia kutoka kwake, kwa lugha yao. Jonathan Wade, mmisionari mwenzao, katika miaka hiyo hiyo alikitungia Kikaren maandishi kwa herufi za Kiburma, na watu waliokuwa wakisubiri kitabu wakaanza kujifunza kukisoma. Na ni Wakaren waliomvusha mjane mito na kumbebea mtoto. Kubaki kwake kulitegemea kupokewa. Ila kupokewa nako hakuji bure: watu wale walikuwa wamemwona akizika, na waliona hakuondoka.

Mwishoni mwa Januari 1834 Judson alimaliza kuifasiri Biblia nzima kwa Kiburma. Alikuwa mjane tangu mwaka 1826. Aprili alifika Tavoy, na tarehe 10 wakafunga ndoa, yeye akiwa na miaka 45 na Sarah 30. Wakahamia Moulmein. Hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote katika maisha yake. George, yule mtoto aliyebebwa milimani, pekee aliyembakia kutoka ndoa ya kwanza, alipelekwa Marekani akiwa na miaka sita. Wazungu wa misheni waliamini kwamba watoto wao hawaishi Burma, na makaburi yalikuwa yanawaunga mkono. Mtoto alipandishwa merikebuni, na mama hakumwona tena. George alikua, akawa mchungaji wa kanisa la kwanza la Baptisti la Philadelphia, mhubiri aliyeheshimika. Matokeo mema hayafuti gharama. Mwanamke aliyekataa kuwaacha watoto wa wengine alikubali kuachana na wake, na nadhani ni haki kuyaweka mambo haya mawili kando kando bila kuyapatanisha kwa haraka.

Huko Moulmein kazi yake iligeuka kuwa ya mezani. Karibu na mji waliishi Wamon, watu wenye lugha yao mbali na Kiburma. Sarah alijifunza Kimon akasimamia tafsiri za vijizuu vya dini na sehemu za Maandiko kwa lugha hiyo, mpaka alipopatikana mmisionari mwingine wa kuishika kazi hiyo, naye akamkabidhi. Akarudi kwenye Kiburma. Alifasiri sehemu ya kwanza ya kitabu cha John Bunyan, kile ambacho wasomaji wetu wanakifahamu kama Safari ya Msafiri. Alitunga tenzi za Kiburma na kukusanya kitabu cha tenzi kwa ajili ya ibada. Yule msichana wa Salem aliyeandika mashairi kati ya kazi moja ya nyumba na nyingine alikuwa sasa anaandika kwa lugha aliyoipata ukubwani, na watu wakaimba.

Yote hayo aliyafanya akiwa mjamzito au akinyonyesha karibu wakati wote. Alimzalia Judson watoto wanane kati ya 1835 na mwisho wa 1844. Mwaka 1841 mmoja alizaliwa akiwa amekufa, na mwingine alikufa Serampore, walikokwenda kutafuta hewa nzuri. Ukijumlisha na watatu wa Boardman, ni mimba 11 katika miaka 18. Baada ya uzazi wa mwisho mwili wake haukunyanyuka tena. Madaktari wakasema tumaini pekee ni safari ndefu ya bahari. Tarehe 26 Aprili 1845 Judson na Sarah waliondoka Moulmein na watoto watatu wakubwa. Watatu wadogo, wa mwisho akiwa na miezi michache tu, waliachwa kwa wamisionari wenzao.

Walipofika Mauritius alikuwa amepata nafuu kubwa. Kisiwa kile kilikuwa kimefuta utumwa miaka kumi tu kabla, na wengi wa watu wake walikuwa wazao wa waliochukuliwa Msumbiji, Madagaska na pwani yetu ya Kilwa. Wakiwa Port Louis, Sarah na mumewe walikubaliana kwamba yeye ana nguvu za kutosha kuendelea na watoto hadi Marekani, na Judson arudi Moulmein kwenye kamusi aliyoiacha katikati. Sarah aliandika shairi la kuagana, la watu wawili wanaotengana kisiwani, mmoja akielekea magharibi na mwingine mashariki. Halitaki kukazia machozi; linamhimiza mume arudi kazini. Yule mjane wa Tavoy bado anasikika ndani yake, akipima tena nani anahitajika wapi. Lakini maradhi yakarudi kwa nguvu, na Judson hakuweza kumwacha. Wakapanda merikebu iitwayo Sophia Walker iliyokuwa ikielekea Marekani moja kwa moja.

Baridi ya Rasi ya Tumaini Jema ilimshusha zaidi. Walipotia nanga St Helena alikuwa anakwisha. Usiku wa tarehe 31 Agosti Judson aliwalaza watoto, akakaa peke yake kando ya kitanda, na usiku wa manane ukishapita, alfajiri ya tarehe 1 Septemba 1845, Sarah akafariki. Alikuwa na miaka 41. Alizikwa siku hiyo hiyo, kwa ibada iliyoongozwa na James Bertram, mhubiri aliyekuwa amewasili kisiwani mwaka huo huo. Watu wa St Helena, ambao hawakumjua, walibeba gharama za maziko na wakawashonea watoto nguo za msiba. Kaburi lilichimbwa karibu na la Bi Chater, mke wa mmisionari Mbaptisti wa Ceylon, aliyekufa naye katika safari kama hiyo. Jioni merikebu ikang'oa nanga. Sarah hakujua kwamba Charles, mmoja wa watatu walioachwa Moulmein, alikuwa ametangulia kwa majuma machache.

Katika miaka hiyo hiyo, bonde moja tu kutoka Jamestown, katika kambi ya Rupert's Valley, walikuwa wakishushwa Waafrika waliokombolewa kutoka meli za watumwa zilizokamatwa na Waingereza. Maelfu walifia pale kwa njaa na maradhi ya safari, wakazikwa bila jina wala jiwe. Nayaweka makaburi haya pamoja kwa sababu kisiwa kiliyaweka pamoja. Sarah alipata jiwe na kitabu kwa sababu mumewe alikuwa Judson. Kumbukumbu ya binadamu haigawi kwa haki, na sisi tunaoandika tunalijua hilo kila tunapochagua nani wa kumwandika. Mjane wa Boardman angeweza kabisa kupotea kama wale wa bonde la pili. Shule zake, vijiji vyake na safari zake vilisalimika katika historia kwa bahati ya ndoa.

Aliyevisalimisha alikuwa mwanamke mwingine. Judson alipofika Marekani alimtafuta mwandishi wa kuandika maisha ya Sarah, akakutana na Emily Chubbuck. Walioana Juni 1846, na kitabu kikatoka mwaka 1848. Miaka miwili baadaye, Aprili 1850, Judson naye alifia baharini, na Emily, aliyekuwa mjamzito na mgonjwa huko Moulmein, alijifungua mtoto mfu siku kumi baada ya kifo ambacho hakuwa na habari nacho; taarifa ilimfikia baada ya miezi minne. Mwandishi wa maisha ya mjane akawa mjane. Yeye hakubaki. Mwaka 1851 alirudi Marekani na bintiye pamoja na Henry na Edward, watoto wa Sarah waliokuwa wameachwa wadogo. Akawatafutia makao, akasaidia kukusanya maandishi ya maisha ya Judson, na tarehe 1 Juni 1854 kifua kikuu kikamuua huko Hamilton, New York, akiwa na miaka 36.

Kwa hiyo wapo wawili. Mmoja alibaki kwa sababu watu wa kufundishwa walikuwa huko na lugha alikuwa nayo. Mwingine aliondoka kwa sababu mapafu yake yalikuwa yamekwisha na watoto walihitaji mtu wa kuwavusha bahari. Sioni ushujaa kwa wa kwanza na udhaifu kwa wa pili. Kila mmoja alitazama kilichokuwa mbele yake na uwezo aliobaki nao, akaamua, na akaishi na uamuzi wake mpaka mwisho.

Makanisa yetu hapa yamejaa wanawake wa namna hii. Wapo waliobaki na shule ya awali aliyoianzisha marehemu, wapo waliobaki na duka, shamba, kwaya au kituo cha yatima, na kila mwaka wa kumbukumbu tunasimama kumtaja mume aliyefariki. Tunamsifu mjane kwa uvumilivu na kuuliza kuhusu urithi, mahari ya mabinti na iwapo ataolewa tena. Ni mara chache tunamuuliza anakusudia kufanya kazi gani, na ni mara chache zaidi tunaliandika jibu lake katika daftari la kanisa kwa jina lake. Miaka mitatu ya Tavoy inatosha kuonyesha tunachokosa. Kama Sarah angekufa mwaka 1834 kabla ya ndoa ya pili, angekuwa amefanya yote yaliyotangulia, na karibu hakuna ambaye angeyajua. Tuwaulize wajane wetu wakiwa hai, na wakituambia wanabaki na kazi au wanaiacha, tuichukue kauli hiyo kwa uzito ule ule tunaoupa kauli ya mchungaji anayepokea wito.